Kitunga cha Kapita wa Mto

Walisema hataweza kuokoa watu mtoni. Wavuvi wa Mulongwe walisema hataweza kwa sababu hakujua kuogelea. Wanawake wa sokoni walisema hataweza kwa sababu alitoka milimani, upande wa Lemera, na mtu wa milimani akiona maji yanayozidi bakuli hutafuta mti wa kushika. Mzungu wa barabara aliyemwandika kazi alisema hataweza kwa sababu hakujua kusoma. Na mimi, niliyekuwa nimerudi Uvira na diploma ndani ya sanduku la bati, nilisema hataweza kwa sababu hakuwa na njia yoyote ya kujua ni watoto gani wamevuka mto na ni wepi hawajavuka. Sababu yangu ilikuwa nzuri kuliko za wengine wote. Ndiyo iliyonitia aibu kuliko zote.

Afadhali niseme mimi ni nani, ili msomaji ajue anayestaajabu hapa si mtu wa kustaajabu ovyo. Mama yangu aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, kwa mafungu. Nilikwenda Bukavu nikiwa nimekaa juu ya magunia ya mihogo, nikabeba saruji mchana na kusoma jioni miaka minne, na nilirudi nikiwa mwalimu mwenye karatasi yenye muhuri. Hakuna aliyenisaidia. Nilikuwa wa kwanza mtaani kwetu kuvaa viatu vya ngozi siku isiyo Jumapili. Niliwahi kuwaona wazungu wakubwa, mapadri wasomi na madaktari, na sikuona sababu ya kumpisha mtu njia. Nilimpisha mmoja tu, naye aliweka alama ya kidole gumba mahali pa saini.

Jina lake sitaliandika. Hata alipoitwa kwa jina aligeuka polepole, kama mtu aliyeitwa kwa makosa. Tulimwita Kapita wa Mto. Kapita, kwa asiyejua, ni msimamizi wa vibarua. Yeye alipewa watu wanane wa kufukia mashimo ya barabara na kutunza kivuko cha mto Mulongwe, ambao daraja lake la magogo lilichukuliwa na maji karibu kila masika. Hakuna aliyemwambia aokoe watu. Katika maagizo yake, nilivyoyasoma baadaye kwa macho yangu, mlikuwamo mawe, changarawe, majembe na mifereji. Watoto hawakutajwa.

Lakini siku moja, kabla mimi sijarudi, mto ulimchukua mtoto mbele yake, na yeye alikuwa amesimama na jembe mkononi. Hakulizungumza jambo hilo. Nililisikia kwa vibarua wake. Walisema alikaa siku tatu bila kuwapigia kelele, wakadhani ni mgonjwa. Siku ya nne alikuja na kamba ndefu ya katani begani, akawaambia kwamba kuanzia leo kila asubuhi, kabla ya kugusa jembe, watajifunza kuivuta pamoja.

Hivyo ndivyo watu wanane wa changarawe walivyogeuka kuwa watu wa kamba. Aliwapanga kwa uzito, si kwa urafiki. Mzito alisimama nyuma, amejifunga kamba kiunoni na kuegemea jiwe. Aliwafundisha kumlaza kifudifudi mtu aliyekunywa maji, kuzima nyasi za paa kwa matawi ya mgomba yaliyolowa, kumbeba mwenye mguu uliovunjika juu ya ubao wa mlango. Aliomba ringi ya gurudumu la lori lililokufa, akaitundika kwenye nguzo ya kivuko. Ikigongwa mara moja ni moto, mara mbili ni maji, mara tatu ni mamba. Na juu kwenye miteremko aliwaomba wachungaji watatu, kila mmoja kilima chake, wapige pembe ya ng'ombe mvua kubwa inapoanza kunyesha huko. Maana mto wetu una hila hiyo: unaweza kushuka na mawe na miti wakati huku chini jua linawaka na watu wameanika mihogo.

Maneno yake yalikuwa machache na makavu. "Kamba kwanza, huruma nyuma." Hilo alilisema kwa yeyote aliyetaka kuruka majini akilia. Jingine lilikuwa la wazazi: aliyeokolewa apigwe kesho, leo apewe uji. Mama mmoja alipomzaba mwanawe kofi pale pale ukingoni, Kapita alimnyang'anya mtoto, akakaa naye chini ya paa la kuwekea zana mpaka mama alipoleta uji kwelikweli, wa moto, kwenye kibuyu. Alionja kwanza kama una chumvi.

Asidhani mtu kwamba alikuwa mtakatifu. Alikuwa mgomvi, tena mlafi wa ndagala za kukaanga. Akialikwa alikula mpaka mwenye nyumba akafunika chungu. Kwenye mchezo wa kisoro aliiba kete na kuapa kwa babu zake kwamba hakuiba. Na huyu aliyepita nyumba kwa nyumba akiwafokea watu wasiache moto chini ya nyasi, alivuta kiko kitandani, na siku moja aliunguza mkeka wake na nusu ya ukuta. Watu wake walikuja mbio na matawi ya mgomba, wakauzima vizuri sana. Aliwasifu kwa kasi yao, kisha akawakataza kusimulia. Kufikia adhuhuri soko zima lilijua.

Ziwa aliliogopa waziwazi. Hakuingia katika mtumbwi hata uliofungwa ufukweni. Hata hivyo ni yeye aliyezungushia miti mahali pa kuteka maji, baada ya mamba kumshika msichana mguu. Aliwaita wavuvi wachomeke nguzo majini, nusu duara, zikaribiane kiasi kwamba mkono wenye ndoo unapita lakini mamba hapiti. Yeye alisimama juu ya mchanga mkavu akitoa amri. Wavuvi wakamtania: Kapita, ingia basi upime kina. Akawajibu bila haya, "Muingie nyie. Miye nabaki huku, kuangalia kama miguu yenu yote inatoka." Walicheka mpaka nyundo zikawaponyoka. Lakini uzio ulisimama, na sikusikia tena ringi ikigongwa mara tatu kwa upande ule.

Sasa nifike kwenye kitunga, maana huko ndiko tulikogombana.

Kwetu mtoto hahesabiwi. Ukimuuliza mama wa tambarare au wa milimani ana watoto wangapi, atakujibu kwamba Mungu hakumnyima, au atataja pungufu. Kuhesabu watoto ni kumwonyesha mauti kidole: huyu, na huyu, na huyu. Nilijua hayo tangu tumboni, lakini nilikuwa nimetoka Bukavu na niliyaona kuwa mambo ya kizamani. Nilikuwa na daftari lenye mistari myekundu. Kila asubuhi niliita majina, na kila jina likajibu. Wazazi waliniruhusu majina kwa sababu shule ni mambo ya wazungu, na mauti, pengine, haisomi Kifaransa.

Shule yetu ilikuwa ng'ambo ya mto, mahali pa chini. Watoto wote wa upande wa soko walivuka kwenda na kurudi. Kapita alitaka kujua kila jioni kama wote wamerudi, na hakuna mama aliyekubali wanawe wahesabiwe. Basi akafanya jambo ambalo mimi, na diploma yangu, nisingelifikiria. Aliazima. Alikwenda kwa kila mama akamwomba amwazime kitu kidogo kwa kila mtoto anayevuka: kifuniko cha kibuyu, kijiko cha mti, bangili ya shaba, gunzi lililofungwa uzi. Asubuhi mtoto alimpa Kapita kitu chake, kikaingia kwenye kitunga, kikapu alichokiweka kivukoni. Jioni, mguu wake ukishakanyaga ukingo mkavu, alikichukua mwenyewe kwa mkono wake. Kapita hakuhesabu. Alitazama tu kama kitunga kimebaki na kitu. Kikiwa kitupu, alikipindua juu chini kwenye ncha ya nguzo, na wanawake wa kilimani kwetu, walioweza kuiona nguzo ile kutoka milangoni mwao, ndipo walipoweka sufuria motoni.

Nilimwambia mbele ya watu kwamba huo ni mchezo wa watoto, na kwamba daftari langu linajua zaidi. Yeye alinitaka na mimi nimwazime kitu, kwa kuwa nami navuka kila siku. Nikamwuliza kama ameshaona mwalimu mwenye diploma akiweka gunzi kwenye kikapu. Akasema hajaona, na akaendelea kunisubiri kila asubuhi, mkono umenyooshwa, miezi mingi, kama mtu anayesubiri chenji.

Kulikuwa na jambo jingine nililoliamuru. Wasichana wakubwa walikuja darasani na wadogo zao mgongoni, maana mama zao walikuwa shambani. Watoto wale walilia, walikojoa juu ya mikeka, walikula chaki. Nikapiga marufuku. Nilisema atakayekuja na mdogo wake atarudishwa nyumbani, na nilimrudisha mmoja mbele ya wote ili waone sitanii. Baada ya hapo sikuwaona tena wadogo darasani. Nilijivunia utaratibu wangu.

Siku ile jua lilikuwa la kukausha mihogo. Karibu na adhuhuri tulisikia pembe ya kilima cha juu, kisha ya kati, kisha ya chini, na kabla ya ile ya chini kunyamaza ringi ilikuwa inagongwa mara mbili, mara mbili. Kapita alikuwa amewahi kuniambia kwamba kati ya pembe na maji kuna muda wa kupika ugali, si zaidi. Niliwatoa watoto. Watu wa kamba walikuwa wameshaivuta kamba toka ukingo hadi ukingo, nao wamesimama majini kila hatua chache. Watoto walipita wakishika kamba kwa mikono miwili, maji yakiwa vifundoni kwa wa kwanza, magotini kwa wa katikati, na wa mwisho wakabebwa. Hakuna aliyepiga kelele isipokuwa wadogo wa darasa la kwanza. Mimi nilivuka mwisho, daftari kichwani.

Ng'ambo niliwapanga mstari nikaita majina. Nakumbuka sauti yangu ilivyokuwa imara. Kila jina liliitika. Nilifunga daftari, nikamwambia Kapita wote wapo, awatoe watu wake majini.

Yeye alikuwa amechuchumaa kando ya kitunga. Watoto walikuwa wamepita mbele yake mmoja mmoja wakichukua vitu vyao. Ndani ilibaki ngata moja ya majani ya mgomba, ile duara ya kuwekea mzigo kichwani, lakini ndogo sana, ya kichwa cha mtoto asiyeweza kubeba chochote.

"Mwalimu," akasema, "daftari yako imetimia. Kitunga yangu bado."

Nilimwambia labda mtoto hakuja leo na ngata ni ya jana. Kapita aliinua macho. Alikuwa anamtazama msichana mmoja wa darasa la tatu, mwenye umri wa miaka tisa hivi, aliyeshika ngata kubwa ya namna ileile, iliyosukwa na mkono uleule. Msichana alinitazama mimi, akatazama chini. Kapita akamwendea, akapiga magoti kwenye tope mbele yake, akanipa mgongo ili mtoto asinione.

"Mudogo wako iko wapi, mama?"

Alimwita mama, kama tunavyowaita wasichana tunaowaheshimu. Ndipo msichana akasema. Mdogo wake alikuwa kwenye chumba cha majembe, nyuma ya shule. Alikuwa akimficha huko kila siku tangu nilipopiga marufuku, na kumpa kiazi ili anyamaze. Siku hiyo alikuwa amelala. Pembe zilipolia, msichana alikimbilia kule, lakini mimi nilimshika mkono na kumrudisha kwenye mstari. Nilikumbuka mkono ule. Ulikuwa mwembamba na ulinivuta kwa nguvu, na mimi nilifikiri ni utovu wa nidhamu.

Maji yalikuwa yamefika kiunoni na yalikuwa yameanza kubeba matawi. Mmoja wa watu wa kamba, mwogeleaji hodari, alijitolea. Kapita alikataa, alisema mwogeleaji ataamini mikono yake na kuachia kamba, na mto unawapenda watu wa namna hiyo. Asiyejua kuogelea hataiachia. Alijifunga kiunoni, akamwambia mzito wa nyuma neno ambalo sikulisikia, akaingia. Mtu wa milimani, aliyeogopa ziwa lililotulia kama uji.

Nilitupa daftari nikashika kamba pamoja na wale wanane waliokuwa wanaivuta. Hadi leo najua uzito wa kamba ile. Maji yalimfika kifuani, yakamzungusha, kichwa kikazama, akaonekana tena akiwa ameikumbatia kamba ile nyingine iliyonyooshwa hadi ng'ambo, akijivuta mkono kwa mkono. Alipanda ukingo wa pili, akapotea nyuma ya shule. Tulisubiri. Msichana alikuwa amesimama kando yangu na ngata yake kichwani.

Alitokea amevua shati, na ndani ya shati, amefungwa mgongoni kama mama anavyofunga, alikuwamo mtoto wa miaka miwili na nusu, macho wazi, kiazi mkononi. Walipokuwa katikati, gogo liliwapita kwa kipimo cha mkono. Tulivuta. Mzito wa nyuma alikuwa analia na kuvuta, machozi yakimwingia kinywani, na hakulegeza. Tulipowafikisha, Kapita alikuwa ametapika maji na amepoteza kiatu kimoja cha jozi pekee ya kazi aliyowahi kupewa na serikali.

Hakumkabidhi mtoto kwa mtu. Alimfikisha kwenye kitunga, akamsimamisha kwenye udongo mkavu, akasubiri. Mtoto aliingiza mkono, akatoa ngata yake, akaijaribu kichwani, ikateleza hadi shingoni. Kapita akakipindua kitunga juu ya nguzo. Kutoka kilimani tulisikia wanawake, si kelele, ni kama pumzi iliyoachiwa na watu wengi kwa pamoja. Shule tuliitazama ikisimama ndani ya maji mpaka madirishani. Chumba cha majembe hakikuonekana.

Nilingoja anikaripie. Ningependa anikaripie. Alikamua shati lake, akamwonyesha msichana kwa kidevu, akasema kwa sauti ya chini, bila hasira: "Ule mutoto aliogopa mayi kidogo. Weye, alikuogopa sana."

Shule ilipojengwa upya, mahali pa juu zaidi, niliweka mkeka nyuma ya darasa kwa ajili ya wadogo. Walikula chaki wakashiba. Daftari niliendelea nalo, na ninasema bila aibu kwamba lilikuwa daftari safi kuliko yote ya shule za kando ya ziwa. Lakini asubuhi ya kwanza baada ya mafuriko nilipofika kivukoni, mkono wa Kapita ukiwa umenyooshwa kama kawaida, nilitoa kalamu yangu ya wino, ile niliyoinunua Bukavu kwa jasho la saruji, nikachomoa kifuniko chake, nikakiweka kwenye kitunga. Hakutabasamu. Alisema tu, "Basi," na akasogea nipite.

Miaka kadhaa baadaye nilikwenda Usumbura kutafuta cheti kingine, na nilikipata, cha kwanza darasani. Siku ya kuondoka nilivuka asubuhi kuwaaga watoto, lori likanichukua kutoka ng'ambo huko huko kwa haraka, na kifuniko cha kalamu kikabaki. Miaka mitatu niliandika na kalamu isiyo na kifuniko. Ilivujisha wino kwenye mifuko ya mashati yangu yote, na watu wa Usumbura walidhani ni uzembe. Sikununua nyingine.

Nilirudi nikakuta daraja la chuma limekamilika. Watoto walivuka juu yake wakikimbia, na kazi ya kitunga ilikuwa imekwisha. Kitunga chenyewe kilikuwa bado juu ya nguzo, lakini hakikupinduliwa juu chini; kililala upande. Mwanamke mmoja wa kilimani aliniambia kimekaa hivyo tangu nilipoondoka. Kapita aliwaeleza kwamba wa shule wote wamerudi, wapike, ila kuna vitu vichache vya watu waliosafiri ambao hajawaona kwa macho wakifika.

Nilimkuta anajitayarisha kurudi kwao, nywele nyeupe, anakohoa. Vitu vilivyobaki alikuwa amevifunga kwenye kitambaa. Aliniambia kabla ya kupanda mlima atamrudishia kila mtu kitu chake, siku hiyo hiyo. Nikamwambia nitafuatana naye nimbebee. Tulianza jua halijawa kali. Kijiko kimoja kilikuwa cha msichana aliyeolewa mtaa wa juu. Kapita alimtaka atoke mlangoni mwenyewe, akamtazama miguuni, kisha akampa. Bangili ilikuwa ya kijana aliyekuwa akivuna mpunga Luberizi. Tulipanda lori la magunia kwenda huko, tukamtafuta shamba kwa shamba, na kijana alipotoka matopeni akicheka, kwa kuwa bangili haikuingia tena hata kidoleni, Kapita hakucheka. Alingoja mpaka mguu wa pili ukanyage tuta. Vingine vilikuwa vitatu au vinne. Mimi mtu wa kuhesabu, siku hiyo sikuhesabu.

Jua lilikuwa limeshuka juu ya milima tuliporudi kwenye nguzo ya kivuko. Kitambaa kilikuwa kitupu, nilivyodhani. Akaingiza vidole kwenye kona iliyofungwa fundo peke yake, akatoa kifuniko cha kalamu. Kilikuwa kimesuguliwa kiking'aa.

"Umefika, mwalimu?"

"Nimefika, Kapita."

Alitazama viatu vyangu vya ngozi, kimoja, kisha kingine, kana kwamba natoka majini. Ndipo akanipa. Akanyoosha mkono juu, akakishusha kitunga, akakikung'uta vumbi, akakipindua juu chini kwenye ncha ya nguzo. Kule kilimani mwanamke mmoja aliyekuwa ameinama mbele ya mafiga aliinuka, akakitazama kwa kitambo, kisha akaweka sufuria.